Waya wa Bandani

Mama alinipigia jioni moja ya mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea kule nyumbani Machame, kuniambia kwamba ng'ombe hanywi maji. Anasogea kwenye hori, anagusa maji kwa pua, kisha anaruka nyuma. Maziwa yamepungua hadi nusu. Bwana mifugo ameshakuja mara mbili na kuchoma sindano zake. Halafu, kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito, akasema na yeye siku hizi akigusa nguzo ya chuma wakati wa kukamua anahisi kitu kama mchomo kidoleni. "Labda ni baridi yabisi, mwanangu."

Nilikuwa nimekaa kitandani hapa Glenwood, na juu ya kichwa changu dari lilikuwa na tundu ambalo mafundi hawajaliziba. Kama si tundu lile, ningemwambia anunue dawa ya kuchua.

Nyumba ninayopanga ni ya zamani, kama nyingi za upande huu wa Durban: sakafu ya mbao, paa la bati, na tumbili wanaopita juu yake kila asubuhi wakielekea kwenye mapipa ya taka. Mwenye nyumba alikuwa anaiuza. Sheria ya Afrika Kusini hairuhusu nyumba ibadilishe mwenyewe bila cheti cha usalama wa umeme, na cheti chenyewe kisiwe na zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo alikuja fundi, mzee wa Kihindi ambaye wote tunamwita Anko, na mimi nikawa mshika ngazi. Alishuka na kipande cha waya, urefu wa kiganja. Plastiki yote imeliwa, shaba inang'aa. Panya. Anko alinieleza kwamba meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo lazima agugune kitu kigumu. Akauliza kama kwetu tunafuga. Nikasema ng'ombe na kuku. Akatikisa kichwa: "Basi bandani ni kubaya zaidi." Chakula kinaleta panya, unyevu unaingia kwenye viungo vya waya, na hewa kali ya mkojo na samadi inaila shaba taratibu.

Sasa niseme lililo langu. Taa ya bandani niliiweka mimi. Mwaka uliotangulia nilituma fedha ili Mama asikamue akiwa ameshika tochi kwa meno. Nilituma za taa, holda na waya. Bomba la kuufunika waya sikulifikiria hata kidogo. Kijana wa jirani akavuta waya mwembamba wa nyuzi mbili kutoka jikoni, akaupitisha juu ya migomba, akauingiza bandani chini ya bati, pale juu tunapohifadhi majani makavu. Nilipotumiwa picha ya taa inawaka niliionyesha chuo kizima.

Nikampigia Baba. Kule saa ilikuwa moja mbele ya hapa, ameshakula.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mama yako ameshakujaza maneno."

Nikamwomba azime meni swichi, kisha ampelekee ng'ombe maji kwenye hori lile lile.

"Yaani unamtibu ng'ombe kwa swichi?"

"Baba, naomba tu ujaribu."

Akakata simu. Nilikaa nusu saa nikiangalia lile tundu. Kisha akapiga Mama, ananong'ona: "Amekunywa ndoo mbili bila kuinua kichwa."

Fundi aliyekuja kesho yake aliukuta waya umegugunwa pale pale kwenye majani makavu, umelala juu ya boriti iliyolowa karibu na bati. Umeme ulikuwa unavuja kidogo kidogo kupitia mbao mbichi, unashuka kwenye nguzo ya chuma hadi kwenye hori, ambalo ni pipa la chuma lililopasuliwa. Ng'ombe huhisi hata volti chache. Anasimama bila viatu kwenye maji na mkojo, miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali, na umeme unaoingia puani unapita kifuani kabla ya kufika ardhini. Mama naye hukamua peku. Waya ungeteleza kidogo tu uguse bati lenyewe, ningepigiwa simu na mtu mwingine. Na cheche moja kwenye majani yale, usiku, sijui nani angewahi kumfungua ng'ombe.

Safari hii nilituma fedha za vitu visivyopigwa picha. Kebo yenye waya wa athi. Bomba gumu la plastiki tangu jikoni hadi kwenye taa, bila mahali waya uko wazi. Mtaro wa futi mbili kwenda chini, bomba ndani yake, mchanga, kisha matofali juu ili jembe ligonge tofali kwanza. Taa yenye kifuniko cha kioo kisichoingiza unyevu, na swichi iliyo mbali na ulimi wa ng'ombe. Majani makavu yakahamishiwa kibanda kingine. Ghali kuliko vyote ilikuwa breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30, ile ambayo hapa soketi za nyumbani lazima ziwe nayo. Niliinunua kwa fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya nauli ya Krismasi. Mama alinuna kidogo.

Baba alichimba mtaro mwenyewe, hakutaka kibarua. Alinitumia picha akiwa amesimamisha rula ya shuleni ya mdogo wangu ndani ya shimo, mara mbili, na alama ya mkaa katikati. Kando ya njia ya waya amepanda masale, ili hata mgeni ajue pale hapachimbwi.

Breka ile ina kitufe cha kujaribia. Anko alisema kibonyezwe kila mwezi, nami nikapeleka ujumbe nyumbani. Kila tarehe mosi, kabla sijatoka kwenda darasani, simu inalia mara moja. Baba haandiki salamu wala habari za mvua. Anaandika: "Imekata."