Kilo Iliyokatwa kwa Jicho

Miaka ya sabini, Litein, Kenya, ugomvi wa chai ulikuwa ugomvi wa maji. Wazazi wetu walipanda chai baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kuwafungulia Waafrika mazao ya biashara, na huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua haikosi. Alfajiri majani yalikuwa na umande, alasiri, radi. Yakaushwe saa ngapi?

Akina mama walichuma majani mawili na chipukizi, sisi watoto tukabeba hadi kituo cha kununulia. Pale karani alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akautoa umelowa, akakata kilo. Siku nyingine mbili. Maji hakuyapima, aliyakisia. Mama alimwuliza mara moja, kwa upole uliotisha kuliko matusi: "Mwanangu, nikung'ute mpaka lini?" Karani akajibu kwamba mvua si chai.

Hapo alikuwa na hoja. Maji ya juu ya jani yana uzito, tena huchelewesha unyaukaji kiwandani. Ila jani bichi lenyewe, hata likiwa kavu nje, takriban robo tatu ya uzito wake ni maji, na hayo yalinunuliwa bila neno.

Swali la mama lilikuja kujibiwa darasani, na mwalimu wa fizikia aliyekuwa na vijiti viwili vya kioo. Aliweka tone kati ya ncha zake, kimoja juu, kingine chini, akaanza kuvitenganisha polepole. Maji hayakuanguka. Yalijinyoosha yakawa daraja, lakini daraja lisilolingana: chini nene, juu jembamba, kwa sababu uzito huyavuta chini huku mvutano wa uso wake ukiyashika pamoja. Kiuno kikazidi kukonda, ghafla kikakatika. Tulipotazama kwa makini tuliona, kati ya tone la juu na la chini, kitone kidogo mno kikidondoka peke yake. Darasa zima lilitaka arudie, akarudia hadi kengele.

Alitueleza habari za Joseph Plateau, Mbelgiji aliyepofuka katika miaka ya 1840 akaendelea na majaribio, wenzake na jamaa wakiwa macho yake. Plateau aliondoa vurugu za uzito kwa kuning'iniza mafuta ndani ya mchanganyiko wa maji na alkoholi wenye msongamano sawa na wa mafuta hayo. Daraja lake likasimama nyoofu kama nguzo, juu na chini sawasawa. Kitabu chake cha 1873 kinaeleza mpaka wake: urefu wa nguzo ukizidi mzingo wake, yaani kipenyo mara tatu na ushei, haidumu. Hujibana na kukatika.

Sasa rudi kwenye gunia. Nafasi kati ya jani na jani mara nyingi haifiki milimita moja. Daraja la maji humo ni pana na fupi, mbali kabisa na mpaka wa Plateau, na uzito hauna nguvu kubwa juu ya maji mpaka yafikie kimo cha karibu milimita tatu. Ndiyo maana majani yaliyolowa hung'ang'aniana: maji yaliyo katikati huyavuta yakaribiane. Ukikung'uta, matone makubwa huruka. Utando uliobaki hautoki kwa mkono wa mtu, awe mama yangu au bingwa wa ndondi.

Na mkono uliolowa husema maji yapo. Hausemi ni kiasi gani. Majani machanga na yaliyokomaa kidogo, yaliyoshindiliwa na yaliyolegea, kila gunia hushika maji yake.

Kwa hiyo ninyi mnaonunua majani ya wakulima hadi leo: mkitaka kukata maji, yapimeni. Chukueni kilo moja kutoka gunia hilo, mfute majani kwa kitambaa kikavu, mrudishe kwenye mizani mbele ya mwenyewe. Kilichopungua, mara idadi ya kilo za gunia, ndicho cha kukata, si zaidi.