Vijiwe vya Koko

Wamama wenzetu, juma hili tunasema juu ya wazee wetu wanaosahau.

Hapa Mpofi, koko akianza kutoka usiku na kuuliza mume aliyekufa zamani, neno la kwanza linalotoka midomoni ni "mchawi". Hata sisi tulilisema, kwa sauti ya chini, juu ya koko mmoja jirani yetu. Watoto wakaacha kula kwake. Kumbe ni ugonjwa wa ubongo, na dawa ya kuuponya haijapatikana. (Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, mpelekeni kituo cha afya upesi: inaweza kuwa malaria au ugonjwa mwingine unaotibika.)

Tulianza kumtembelea, na tulianza vibaya. "Koko, mimi ni nani? Leo ni siku gani?" Alivuta kitenge akafunika uso. Tulikuwa tunamfanyisha mtihani! Mtoto wa mmoja wetu ndiye aliyemwaga vijiwe vitano mbele yake, ule mchezo wa wasichana wa kurusha kimoja juu na kuokota vingine kabla hakijaanguka. Koko aliokota viwili. Cha tatu kilimponyoka, akacheka, akaita jina la dada yake, jina ambalo binti yake hakuwa amelisikia kwa miaka.

Sasa tunampa ungo wa maharagi ya rangi mbili ayatenganishe. Akichanganya, tunaacha, yataiva tu. Tukitega kitendawili na jibu limepotea, tunajibu wote pamoja. Tunaanza wimbo wa kulima, yeye anaumaliza. Ni asubuhi tu, maana jioni anachoka, anatafuta nyumba ya kijiji alichokikimbia wakati wa vita.

Huko Tanzania, wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, wazee wenye ugonjwa huu walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14, viwili kila juma, wakicheza na kuongea mambo ya zamani. Sisi hatuna mtaalamu, tuna ungo.

Usiku bado anatoka. Binti yake amefunga kengele ya mbuzi mlangoni, na jirani wakiisikia wanamrudisha. Watoto wawili wamerudi kula kwake. Wa tatu, mama yake bado anakataa. Jumamosi tutapita kwa huyo mama, na vijiwe mkononi.