Amani: Msitu Uliotoa Ua la Dirishani

Ingia duka kubwa lolote Uingereza, Ujerumani au Marekani, upande wa maua. Mara nyingi utakuta vyungu vidogo vya mmea wenye majani mazito yenye manyoya laini, na maua ya zambarau, meupe au ya waridi. Pengine jirani yako anao dirishani jikoni. Waingereza huuita urujuani wa Afrika, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Wajerumani wamekuwa wakweli zaidi: wao huuita urujuani wa Usambara. Kwao ni Tanga.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliuona mmea huu na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina Saintpaulia. Tangu hapo wakulima wa maua wamezalisha aina maelfu. Huko ulikotoka, hali ni nyingine kabisa, na hilo ndilo tulilojifunza katika kozi ya ekolojia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Amani iko karibu mita 900 juu ya bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima hii na kuangusha mvua, hata miezi ambayo Muheza chini ni vumbi. Kwa kuwa unyevu haukukatika hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, viumbe vilivyokwisha kwingine vilibaki hapa, vikawa vya hapa tu. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia.

Siku ya kwanza tulidhani tutaona wanyama wengi. Wapi! Msituni si Serengeti. Unasikia mbega wakiunguruma mbali, unaona tawi likitikisika, basi. Mwongozaji wetu, mzee wa Kisambaa, alitucheka.

“Shikamoo mzee, mbona hatuoni kitu?”

“Marahaba, wanangu. Mnatembea mno. Simameni.”

Tukasimama. Ndipo tulipoona ncha ndefu za majani zinavyomwaga maji ili jani lisioze, na mizizi ya miti mikubwa iliyosimama kama kuta. Mzee alituonyesha msambu, mti wenye matunda makubwa ambayo mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda kama siagi. Kila mti alikuwa na jina lake kwa Kisambaa, na sisi tulikimbilia vitabu.

Urujuani tuliukuta kwenye jiwe lenye kuvu la kijani kando ya kijito. Mizizi yake ni mifupi, imeshika ufa wenye udongo usiojaa kiganja. Tulipima mwanga na kuhesabu mimea kila upande wa jiwe. Upande wa kivuli ilikuwa mingi, upande wa jua hakuna hata mmoja. Hapo ndipo somo lote lilipo. Huhitaji kuung'oa mmea huu ili kuuangamiza. Kata mti mmoja ulioukinga, jua lipige jiwe, umekwisha. Na baadhi ya aina za porini zinajulikana katika sehemu chache mno.

Anayekata si lazima awe mtu mbaya. Wakulima wa hapa hulima iliki chini ya kivuli cha msitu, na iliki hulipa karo za watoto. Lakini ili kuipanda hufyekwa miche ya chini, na miti mikubwa ikizeeka haina warithi. Ukitia iliki kwenye chai, kumbuka kwamba hesabu hii ni ngumu kwa wenyewe.

Hata ndege wana mambo yao. Hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa tope, akalala mayai huku dume akimlisha kupitia ufa mwembamba. Hondohondo hula matunda na kupanda msitu kwa kinyesi. Ila hupanda pia mti wa kigeni ambao Waganda huuita musizi, ulioletwa na watu, nao ukajaza nafasi zilizoachwa na ukataji wa mbao. Ndege yule yule, kazi mbili.

Usiku tulitoka na tochi kutafuta vinyonga. Wakilala rangi yao hupauka, nao hukaa kwenye ncha ya kijiti, hivyo mwanga huwafichua upesi. Wako wadogo wanaofanana na jani kavu. Ardhini tulionyeshwa chura ambaye hatagi mayai majini: huzaa vichura vilivyokamilika.

Ukienda likizo Tanga na watoto, tenga siku mbili. Kutoka Muheza ni kiasi cha kilomita 35 za barabara ya kupanda, na geti la hifadhi liko Sigi, kwenye kituo cha zamani cha reli ya Wajerumani. Chukua sweta, maana usiku kuna baridi, na viatu vya kufunga. Suruali ingiza ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mwombe mwongozaji wa kijijini, na mlipeni vizuri. Msitu ukiwapa wenyeji riziki, wana sababu ya kuuacha usimame.

Watoto waambie mapema kwamba hawatamwona simba. Wape daftari, wakae mahali pamoja nusu saa na kuandika kila kinachotembea. Na wakiuona urujuani jiweni, waupige picha na kuuacha hapo hapo.