Winda Mlimani, Winda Ziwani

Neno winda limeanza kuwa geni masikioni mwa akina mama vijana. Visiwani bado wapo bibi wanaolitamka bila kufikiri, na kitenzi chake, kupiga winda, kinaieleza kazi yote: kitambaa hupitishwa baina ya mapaja, kikakunjwa, kikafungwa kiunoni. Bara wengi husema nepi, na madukani husemwa pampasi, jina la biashara lililogeuka kuwa jina la kitu chenyewe, hata pale kinachouzwa kinapokuwa cha kampuni nyingine kabisa. Winda na nepi hufuliwa; pampasi hutupwa. Ndani ya tofauti hiyo ndogo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkaazi wa mji wa Mbinga, alinasa kwa muda wa miezi saba.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwezi wa Mei. Mbinga imo katika milima ya Wamatengo, nchi ya kahawa na ya mashamba ya ngoro, na Juni na Julai baridi yake huingia mifupani. Ukungu hushuka alfajiri ukakaa hadi saa nne, saa tano, na jua linapotoka huwa kama la kuazima. Mwalimu alikuwa ameandaa nepi dazeni mbili: dazeni moja ya kitambaa cha taulo, aliyoinunua, na nyingine ambayo mama yake aliikata kutoka kanga kuukuu, akaipinda kwa mkono. Kanga kuukuu, alisema mama huyo, haimkwaruzi mtoto, kwa kuwa ukali wake umekwisha kuliwa na sabuni. Alikuwa amepanda kutoka kijiji kimoja jirani na Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ili amkande binti yake kwa maji ya moto na kumwogesha mjukuu.

Kwa mtu wa ziwani hesabu ya nepi haina fumbo. Ufuko uko yapata mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na kitambaa kilichotandazwa juu ya jiwe saa tatu huwa kimekauka kabla ya saa tano. Katika mji huu uliokaa mamia ya mita juu yake, kitambaa hicho hicho kilishinda kambani siku mbili, na kikaanuliwa kibichi. Dazeni mbili zikawa hazitoshi. Nepi zikaanikwa jikoni juu ya moto zikanuka moshi, na mtoto naye akanuka moshi, kama dagaa, alisema bibi yake kwa mapenzi. Hata zile zilizokauka hazikuvalishwa hivi hivi, maana yuko nzi atagaye katika nguo zenye unyevu, na buu lake hupenya ngozini likavimba mithili ya jipu. Dawa yake ni pasi ya moto. Kazi hiyo ilimwangukia baba wa mtoto, ambaye hapo awali alipoulizwa rai yake juu ya nepi alijibu kwamba lolote litakalomfaa mama litamfaa na yeye. Alipiga pasi usiku, pasi ya mkaa, mlango umefungwa, kwa kuchelea kicheko cha majirani. Walichokuwa na haki ya kukicheka ni kipi hasa, hakuna aliyewahi kueleza.

Sheria ya kazi humpa mzazi wa mtoto mmoja likizo ya siku 84. Zilipokaribia kwisha, bibi alitoa shauri.

"Mwanangu, nitakuletea mtoto wa kaka yako. Atakufulia, atambeba mdogo wake, nawe utakwenda kazini umetulia."

"Mama, huyo yuko darasa la sita."

"Shule si hata huku zipo? Na wewe si ndiye mwalimu?"

Lilikuwa shauri la heri, na ndivyo nyumba nyingi zilivyolelewa. Lakini mwalimu alikuwa na wasichana wa namna hiyo darasani mwake, na aliwatambua kwa mikono: ngozi iliyopauka kwa sabuni ya mche, vidole vilivyopasuka kwa maji ya baridi. Tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila ada, majina yao yamo katika daftari la mahudhurio, nao wenyewe huja. Ila huja saa ya pili ikiwa imepita, na saa ya tatu wamelala juu ya dawati. Hakuna anayewatesa. Wanafua tu, kabla ya kucha, nguo za mtoto wa shangazi. Mwalimu alimwambia mama yake kwamba atafikiri, na usiku ule alihesabu nepi za siku moja, zilikuwa kumi na moja, akazizidisha kwa siku za muhula.

Hapa ndipo mjadala wa kitambaa na plastiki, kama unavyoendeshwa na wataalamu wa mbali, unapolipita jambo lenyewe. Huko Uingereza wakala wa serikali unaoshughulikia mazingira ulilichunguza suala hili mwaka 2005, ukalirudia mwaka 2008. Ukakuta kwamba nepi za kutupa za mtoto mmoja, kwa miaka miwili na nusu, huchangia gesi za kuongeza joto zenye uzito wa takriban kilo 550, na za kufuliwa takriban kilo 570; ila mwenye kuanika juani, kujaza mashine sawasawa na kumvalisha mtoto wa pili nepi zile zile hushusha kiasi hicho sana. Ni hesabu safi. Lakini ndani yake mfuaji ni mashine, na swali lililobaki ni la umeme. Katika mji wa Mbinga mfuaji ana umri, ana jina, na ana darasa analopaswa kuwamo.

Mwalimu akanunua pampasi. Bidhaa hiyo iliingia sokoni Marekani mwaka 1961, na husimuliwa kwamba aliyeibuni, mhandisi wa kemia Victor Mills, alikuwa babu aliyechoshwa na nepi za mjukuu wake. Yumkini Mills alifikiria pakiti nzima. Dukani kwa jirani huuzwa moja moja, kama sigara. Kwa shilingi 500, sita kwa siku, mwalimu alipata shilingi 90,000 kwa mwezi, akaichana ile karatasi. Hapo ndipo alipoanza kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwalaumu wengine: kumwacha mtoto na pampasi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwa hoja kwamba haijajaa. Nayo kweli haikuonekana kujaa, kwa kuwa ndani yake mna chembechembe zinazonywa maji mara nyingi kuliko uzito wao na kuyageuza uji mzito. Mtoto akababuka mapajani. Muuguzi wa kliniki hakumpa dawa. Alimwambia amwache wazi apate hewa, na abadilishe mapema. Mwishowe ikawa pampasi usiku na siku za kazi, kitambaa jioni na mwisho wa juma, na mtoto wa kaka akabaki kijijini, darasani mwake.

Zilizokwisha kutumika ndizo zilizomkosesha raha. Chooni hazikufaa kutupwa. Huvimba na kulijaza shimo. Shambani ndio kabisa. Mmatengo analima mteremko kwa kulaza nyasi kimraba na kuzifunika udongo, akiacha mashimo yanayozuia maji ya mvua yasikimbie; nyasi huoza zikawa mbolea, na shamba zima hutegemea kuoza huko. Pampasi iliyochimbiwa hapo huoza nusu tu, na msimu unaofuata jembe huibua ile nusu nyingine. Kuchoma, bibi alikataa katakata: kilichobeba uchafu wa mtoto hakitiwi motoni, atatoka vidonda. Imani hii ina wafuasi katika nchi nyingi za upande huu wa Afrika, na msomi aliye tayari kuicheka afikiri kwanza juu ya moshi wa plastiki unaovutwa na wenye nyumba. Basi zikarundikwa katika shimo nyuma ya nyumba, na mbwa wakalijua. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikaipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Pampasi, ambayo nayo ni plastiki, ikapita mlango ule ule bila kuulizwa.

Desemba shule zilipofungwa, mwalimu aliteremka ziwani na mwanawe. Alibeba nepi za kitambaa tupu, na pampasi chache za njiani. Jua lilikuwa kali baina ya mvua na mvua, na mtoto wa kaka, aliyefaulu kuingia darasa la saba, alizichukua nepi mara moja akaelekea majini pamoja na wenzake, kama ilivyo desturi. Walisimama maji yakiwafika magotini, penye majani, penye konokono wa kichocho, wakafua huku wakiimba. Hatua chache kando yao mwanamke mwingine alikuwa akichota maji ya kunywa.

Watu wengi huamini kwamba choo cha mtoto mchanga si uchafu. Kwa kweli kinaweza kubeba maradhi sawa na cha mtu mzima, pengine zaidi. Ng'ambo ya ziwa hilo, Malawi, kipindupindu kilichozuka Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 kabla ya kutulia. Mwalimu aliomba nepi zifuliwe nyumbani, na maji ya kwanza yamwagwe chooni.

"Ziwa hili, mwanangu?" Mama yake aliyatazama maji yale, ambayo katikati yana kina cha mita 700. "Ziwa hili nepi zitalifanya nini?"

"Ziwa ni kubwa, mama. Lakini sisi tunachota pale pale pembeni."

Bibi hakubisha. Alionyesha ndoo tu. Kufulia nyumbani kulitaka ndoo nne za ziada kila siku, na mtoto wa kaka alikwishainama kuzishika. Mwalimu alizichukua mbili za kwanza mwenyewe, akapanda nazo kichwani, shingo iliyosahau ikimuuma. Siku ya tatu alizipunguza zikawa mbili kwa kutwa, akafua mara moja badala ya mbili, na nepi za asubuhi zikangoja katika beseni lenye mfuniko.

Siku ya kuondoka zilibaki pampasi tatu zilizotumika. Bibi alisema hazitachomwa kwake, hazitazikwa kwake, wala hazitatupwa ziwani. Zikatiwa katika kiroba, kikafungwa kwa kamba, na kiroba kikapandishwa basini. Walipoipita Mbamba Bay na kuanza kuukwea mlima, konda alikigusa kwa mguu, akauliza kama ni dagaa, maana mzigo wa dagaa hulipiwa.

Mwalimu akasema si dagaa.