Anko Aliniuliza Stima ya Nyota Itapitia Waya Gani

Wacha nianze na kukiri. Julai 2025 niliposti video ya dakika moja na nusu, kichwa chake "Stima ya Nyota Inafika 2028". Ilitazamwa zaidi ya mara elfu 60. Kwa kijana wa Kibera aliyeacha chuo mwaka wa pili juu ya fee, hiyo ni namba ya kulala ukitabasamu.

Video ilikuwa tamu. Nilisema kuna kampuni ya Marekani inaitwa Helion, imeanza kujenga mtambo huko jimbo la Washington wa kutengeneza stima vile jua hutengeneza joto lake. Nikasema tangu 2023 wako na mkataba na Microsoft, megawati 50 kuanzia 2028. Hiyo yote ni kweli. Shida ni mwisho. Mwisho niliongeza, "Wasee wa mtaa, tokeni ziko karibu kuwa historia." Hiyo hakuna mtu alisema. Nilitoa kwa kichwa changu ndio watu washee.

Sasa, Anko ako na kinyozi Kawangware, si mbali na steji ya 46. Viti viwili, kioo kimoja kirefu, redio haizimwi. Stima ya hiyo laini yote ni sambaza. Kama hujaishi huku kwetu, sambaza ni waya inatoka pahali watu hawaulizi, inapita juu ya mabati, inalisha kinyozi, saluni, jamaa wa kuchomelea madirisha na mama wa maziwa mwenye friji. Unalipa msee fulani kila mwezi, iwake isiwake. Jamaa wa madirisha akianza kuchomelea, balbu ya Anko inakuwa rangi ya chungwa. Akimaliza, inaruka. Kila mtu anajua ni hatari, na kila mtu ako na kodi ya kulipa.

Hao majirani wako na chama. Walikuwa wamepanga kuchanga 9,000 kila mtu, wanunue sola na betri ya kushikilia vitu vidogo: taa, mashine za kunyoa, chaja za simu. Siku ya kukubaliana, dada wa saluni akatoa simu, akawachezea video yangu. Akasema, "Kama 2028 stima ya nyota inafika, ya nini tuchome pesa kwa betri sai?" Anko angebisha. Yeye ndiye alikuwa anasukuma hiyo mpango. Lakini aliangalia hiyo simu akasema, "Huyo ni mtoto wa dada yangu." Wakaahirisha.

Wiki tatu baadaye stima ilipotea usiku, ikarudi na hasira. Mashine tatu za kunyoa zilikuwa kwa chaja. Zote ziliungua, pamoja na redio na ile kabati ya kuchemsha taulo. Asubuhi Anko alifungua duka likinuka plastiki.

Hakunilaumu. Alinipigia simu jioni, akaniuliza swali moja tu, na hakuwa anachekesha: "Kijana, hiyo stima yako ya nyota ikija Kawangware, itapitia waya gani?"

Nilikosa jibu. So nimerudi kusoma pole pole, kitu ningefanya kabla ya kuposti.

Kwanza, tutofautishe. Wengi kwa komenti mliandika, "Si hii ndiyo watu wa Uyombo kule Kilifi walikataa?" Hapana. Ile ya Uyombo, iliyoleta maandamano 2024 kabla serikali ianze kuangalia Siaya, ni nyuklia ya kupasua atomu nzito kama za urani. Hii ni kinyume: unachukua atomu nyepesi za haidrojeni unaziunganisha. Ndiyo kazi jua hufanya. Shida ni kwamba viini vya hizo atomu vinasukumana kama sumaku mbili ukizileta upande unaofanana. Ndio vikubali kushikana, mitambo mingi inahitaji joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Katikati ya jua kwenyewe ni kama milioni 15. Hakuna sufuria duniani inashika joto kama hilo, kwa hivyo wanalizungushia nguvu za sumaku lisiguse ukuta.

Je, kuna hatua? Kuna, na kubwa. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya serikali ya Marekani huko California ilipiga tembe ndogo ya haidrojeni kwa leza. Leza zilipeleka megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Mara ya kwanza kwa historia. Lakini kuwasha hizo leza zenyewe kulikula karibu megajuli 300 kutoka kwa gridi. Ni kama ulipe nauli ya 300 uende kuwekeza bob mbili, urudi na bob tatu mkisherehekea. Sherehe ni halali, kwa sababu kabla ya hapo hakuna mtu alikuwa amewahi kurudi na tatu. Lakini huwezi lipa rent nayo.

Hiyo ni serikali. Kampuni za watu binafsi bado hazijafika hapo. Mpaka naandika hii, hakuna hata moja imeonyesha mtambo ukitoa nguvu nyingi kuliko iliyoingia. Chukua Commonwealth Fusion Systems, iliyotoka MIT mwaka 2018. Septemba 2021 walijaribu sumaku ya tesla 20, nguvu ambayo wengi hawakuamini inawezekana kwa sumaku ya aina hiyo na saizi hiyo. Mwaka huo huo walichangisha zaidi ya dola bilioni 1.8, na 2025 wakaongeza milioni 863. Hao si matapeli. Wanajenga mtambo wa majaribio unaitwa SPARC huko Massachusetts. Lakini angalia tarehe. 2021 walikuwa wanasema 2025. Ilipofika 2025, wakawa wanasema 2027. Kampuni nyingine, General Fusion ya Kanada, Mei 2025 ilifuta wafanyakazi kadhaa kwa kukosa pesa. Hapo ndipo nilielewa kitu: tarehe ya kampuni inayochangisha si kama tarehe ya harusi. Ni bei ya kuingilia. Ukimwambia mwenye pesa 2050, atapeleka pesa kwingine.

Na kuna hii. Commonwealth wanapanga mtambo mkubwa Virginia wa megawati 400, miaka ya mwanzo ya 2030. Juni 2025 Google ilikubali kununua megawati 200. Yaani jiko halijawashwa na nusu ya chakula ishachukuliwa. Microsoft ako mbele kwa laini ya Helion. Stima ya kwanza ya nyota, ikiwaka, itaenda kwa majumba ya kompyuta, pengine hiyo hiyo AI natumia kuandika maneno chini ya video zangu. Sisi hatuko kwa hiyo foleni hata nyuma.

Sisemi tuchukie hiyo teknolojia. Naipenda bado. Lakini sisi wenyewe tuko na mfano wa vile mambo haya hukaa. Olkaria, kule Naivasha, walianza kuchimba visima vya mvuke 1956. Mtambo wa kwanza uliwaka 1981, megawati 15. Miaka 25, na hiyo joto ilikuwa tayari chini ya ardhi, hakuna mtu aliambiwa atengeneze jua. Leo mvuke wa ardhini unatoa stima nyingi Kenya kuliko chanzo kingine chochote. Subira ilizaa. Lakini wale walioishi 1956 hawakukaa gizani wakingoja.

Na hata baada ya kuwa na Olkaria, mnakumbuka Ijumaa ya 25 Agosti 2023? Karibu nchi nzima giza, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Visima havikuwa vimeenda popote. Kuwa na pahali stima inatoka ni kitu kimoja. Stima kufika kwako ikiwa salama ni kitu kingine, na hiyo ya pili haihitaji nyuzi milioni 100. Inahitaji nguzo, transfoma, mita na fundi anayejua kazi. Hiyo ndiyo Anko alikuwa anauliza. Mimi nilikuwa naangalia nyota na yeye alikuwa anaangalia waya juu ya mabati.

Kwa hivyo nimefanya vitu viwili. Niliposti video ya kujirekebisha. Imetazamwa mara elfu 3 na kidogo. Uongo wangu ulipanda ndege, ukweli umepanda 46 saa ya jam. Halafu nilitembea mpaka Kawangware siku ya chama, nikasimama mbele ya hao watu nikawaambia mwenyewe kwamba ile ya 2028 haiji huku. Nikaweka 9,000 ya Anko, kwa sababu yake ilienda kununua mashine mpya. Mama wa maziwa alisema kwa friji yake sola hiyo haitoshi, na ni kweli. Dada wa saluni alisema angalau nimekuja. Fundi amepima paa, betri bado tunatafuta ile haitatuangusha kwa miezi sita.

Kama ploti yenu mmefanya sola ya kuchanga, niambieni mlinunua betri gani na imekaa muda gani. Nitaposti majibu. Wacha wayaangalie watu 40, ni sawa.