Mshkaji wa Busisi, Nisamehe: Flopi Zako Zilikuwa Nzima

Wadau, leo nafunguka. Jina lake namhifadhia.

Mwaka 2005 hapa Kigongo nilikuwa na Pentium ya mtumba isiyokubali kuwaka kwa CD. Nilitaka Linux. Mshkaji mmoja wa Busisi akaniandalia flopi mbili, kila moja MB 1.44: ya kwanza ya kuwashia mashine, ya pili ya kuita CD. Nikamlipa, nikapanda pantoni kurudi.

Ya kwanza ikasoma kwa kusuasua. Ya pili ikagoma. Nikavuka tena, akaandika upya. Ikagoma tena! Safari ya tatu nikamchana pale kivukoni mbele ya abiria: "We tapeli!" Hakujibu. Akanirudishia hela yote, akaondoka.

Miezi baadaye nikashtuka. Flopi nilizofomati kwangu zilisoma kwangu tu, kwa wengine zinagoma. Kumbe kichwa cha kusomea kwenye draivu yangu kilikuwa kimehama njia kidogo. Nikafunga draivu nyingine, nikachomeka flopi zake. Zote zikasoma bila kwikwi. Linux ikaingia usiku uleule.

Sikwenda kumwambia. Aibu, aisee. Nikajipa sababu: foleni ya pantoni, upepo wa ziwani.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3, dakika chache tu uko Busisi. Sababu zimeisha. Jumamosi naenda, hela yake mfukoni.

Ungekuwa wewe, ungeanza na neno gani?