Shule ya Redio Jangwani

Kutoka Adelaide hadi Coober Pedy, Australia, ni kilomita zipatazo 850. Tulilala hemani mara mbili njiani, mgongo wangu ukilalamika. Mji huo ulizaliwa na vito vya opali vilivyopatikana mwaka 1915, na wakazi wengi huchimba nyumba zao ardhini kulikimbia joto. Mwanangu alistaajabia hayo. Mimi, mwalimu mzee, nilistaajabu zaidi tulipofika Alice Springs: tangu 1951 watoto wa mashamba ya mbali walisomeshwa kwa redio, na siku hizi kwa intaneti. Usiku ule, kando ya moto, niliwakumbuka walimu niliowafunza chuoni, waliolia walipopangiwa vijiji visivyo na barabara. Wengine hawakwenda kabisa. Watoto wa vijiji vile walifundishwa na nani?